Bega la Kushoto la Mchoraji

Jumatatu hiyo Profesa alifika kazini saa mbili kasoro dakika kumi, akatundika koti lake nyuma ya mlango, akavaa lile jeupe la kazini, akafungua kabati namba kumi na nne. Chumba cha mimea mikavu kilikuwa na makabati sitini ya chuma, na yote yalinuka dawa ya nondo, ila Profesa alishikilia kwamba la kumi na nne lina harufu yake. Kwenye droo ya tatu, ndani ya jalada jekundu, kulikuwa na karatasi ngumu iliyobandikwa ua moja kavu la okidi, majani mawili na mizizi michache iliyojikunja. Ua hilo ndilo lililompa uprofesa. Kila Jumatatu alilitoa, akalitazama kwa muda wa nusu kikombe cha chai, akalirudisha.

Mzee Makabati alikuwa juu ya ngazi akibadilisha vidonge vya nondo. Alikuwa ametunza chumba hicho kwa miaka thelathini na moja, na jina lake halisi lilibaki kwenye orodha ya wafanyakazi tu. Makabati hamsini na tisa yalikuwa ya mimea. La sitini aliliweka kwa vitu visivyo na mahali: funguo zisizofungua kitu, miwani ya wageni, karatasi zilizokosa jalada. Mzee Makabati hakuwahi kutupa karatasi yenye tarehe.

Saa mbili na dakika ishirini aliingia mdogo wake Profesa, ambaye kazini aliitwa Mchoraji. Alikuwa amechelewa, na alikuwa na okidi begani.

"Samahani, dada," alisema. "Nimehangaika na nguo. Zote zinabana hapa."

Ilikuwa okidi changa yenye majani mawili. Ilikuwa imeota kwenye bega la kushoto, karibu na shingo, na mizizi yake myeupe iliambaa mgongoni ikapotea ndani ya gauni.

"Imeanza lini?" Mzee Makabati aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Alhamisi nilihisi kuwashwa. Jumamosi nikaona jani."

"Basi usikae chini ya feni. Hizi hazipendi upepo mkavu."

Mchoraji aliahidi kutokaa chini ya feni, akaenda kwenye meza yake ya pembeni, akaanza kuchonga penseli. Profesa alimfuata na kioo cha kukuzia, akainama juu ya bega la mdogo wake. Jani moja lilikuwa refu na jingine fupi, na lile fupi lilikuwa na pengo kwenye ncha, kana kwamba mtu amelionja akaghairi. Hakuhitaji kufungua kitabu. Duniani palikuwa na okidi moja tu yenye jani la namna hiyo. Ilikuwa kwenye kabati namba kumi na nne, na hakuna mtu aliyeiona ikiwa hai kwa miaka ishirini na miwili.

Profesa aliona wivu. Aliona wivu mpaka ikabidi avute kiti.

Zamani hizo, miaka ishirini na miwili nyuma, hakuwa profesa. Alikuwa mtafiti kijana mwenye viatu vipya vya porini na daftari la jalada gumu, na alimchukua mdogo wake kwenye safari ya wiki sita msituni kwa sababu mchoraji aliyepangwa alikuwa amevunjika mguu. Wiki ya tatu homa ilimwangusha. Alilala hemani siku tisa akiweweseka kwa Kilatini. Siku ya tano mdogo wake alipanda mti mrefu kuliko yote ya upande wa mto, maana alikuwa mwepesi na hapakuwa na wa kumkataza, akakuta okidi moja imechanua kwenye panda ya tawi. Alikaa nayo huko juu tangu asubuhi hadi jua lilipopinduka, akaichora kwa rangi za maji. Kisha akashuka nayo, akaibana kati ya magazeti, akaikausha juu ya jiko la mafuta ya taa kama dada yake alivyomfundisha.

Profesa alipopata nafuu, ua lilikuwa limekauka na kugeuka manjano, kama maua mengi yanavyofanya. Mchoro ulionyesha zambarau iliyokoza, koo jeupe na madoa saba. Profesa aliutazama mchoro, akalitazama ua, akajua kwamba mchoro ndio wenye ukweli. Kisha akaandika kwenye daftari: ya manjano.

Alijiambia kwamba mdogo wake ametia chumvi, na hata yeye mwenyewe hakujiamini. Kilichomuuma ni kwamba binti asiyejua hata kuhesabu sehemu za ua alikuwa amekaa nusu siku uso kwa uso na kitu ambacho yeye alikisomea ujana wake wote. Tena, angeikubali zambarau ile, kila mtu angeuliza nani alikuwa juu ya mti na nani alikuwa chini ya blanketi. Waliporudi mjini aliutupa mchoro ule kwenye kapu la taka, akachora mwingine kwa wino mweusi kutoka kwenye ua kavu. Akalipa ua jina la Kilatini lenye maana ya manjano. Jina lake mwenyewe likafuata nyuma ya jina hilo, kwa kuwa ndivyo taratibu zinavyotaka kwa anayechapisha kwanza.

Kwenye lebo, mstari wa mkusanyaji, aliandika jina lake pia. Hapo hakuvunja desturi. Watu wa mimea wana mtindo wao: msafara una daftari moja, na aliyelishika daftari ndiye mkusanyaji. Wanaopanda miti, wanaobeba mbao za kukaushia, wanaochora, wote hushukuriwa kwa mdomo.

Kutoka hapo mambo yalimnyookea. Alipata uprofesa, akapata nishani, akapata ofisi yenye madirisha mawili. Alirudi msituni mara tatu kulitafuta ua, na mara tatu akaambulia patupu. Mara ya mwisho aliukuta mti wenyewe umekwisha kukatwa na mahali pake pamesimama nguzo ya umeme. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi waraka wa kutangaza kwamba okidi hiyo imetoweka, na aliposoma hotuba yake watu wa safu ya mbele walitoa vitambaa. Ila jambo moja lilimkera katika hotuba hiyo. Alikuwa akililia ua ambalo hajawahi kuliona likiwa hai, na aliyeliona alikuwa ameketi safu ya nyuma, anachora vichwa vya watu.

Mchoraji hakuwahi kulalamika, na hilo nalo lilimkera. Angelalamika angemjibu. Majibu alikuwa nayo, ameyapanga kwa miaka.

Kikonyo cha ua kilitokea siku ya nne, na siku ya sita kikawa na tumba moja dogo la kijani. Mzee Makabati alikadiria kwamba litafunguka baada ya wiki mbili. Habari zilikwenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akawaandikia watu wa Kitabu Kikuu cha Okidi, ambacho huchapishwa upya kila baada ya miaka ishirini na ambacho toleo lake jipya wakati huo lilikuwa linakaribia kufungwa. Jibu lilikuja haraka: kamati itakuja kuthibitisha mmea ukiwa hai, mtuandalie chumba chenye mwanga, sampuli mpya na lebo mpya.

Mchoraji alisikia neno lebo, akaweka brashi chini. Mchana huohuo aliingia ofisini kwa dada yake na kufunga mlango.

"Dada, safari hii niandike."

"Nikuandike wapi?"

"Kwenye mstari wa mkusanyaji. Sitaki jingine. Lile la kwanza limepita, sikudai. Hili limeota kwangu."

Profesa alipanga upya kalamu zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Tutaona taratibu zinasemaje," alisema.

"Taratibu si ndizo wewe."

"Mdogo wangu, tutaona."

Mchoraji akashukuru, akatoka kwa upande ili asikwaruze tumba mlangoni.

Kwa wengine siku hizo zilikuwa za kawaida. Fundi cherehani alimtengenezea Mchoraji magauni matatu yenye bega moja, akamwambia mtindo huo unampendeza hata kama ua litaondoka. Mzee Makabati alimnyunyizia maji kwa chupa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, akijihadhari kila mara asimlowanishie michoro. Okidi mia tatu za banda la kivuli ziliacha kuelekea jua zikaelekea dirisha la Mchoraji. Mtunza bustani aligeuza vyungu vyote asubuhi, adhuhuri akavikuta vimerudi. Siku ya tatu akaacha, akasema zikipata shingo upande ni shauri yao.

Kwa Profesa hazikuwa za kawaida hata kidogo. Alikuwa amezilisha okidi zile miaka kumi na saba, anajua ipi hupenda maji ya mvua na ipi huugua ikisogezwa, na sasa akiingia bandani anakuta migongo. Roho ilimchoma. Alianza kuwahi kazini zaidi, saa kumi na mbili na nusu, akajifungia bandani, akafungua vifungo vya juu vya blauzi, akaketi penye unyevunyevu bega likiwa wazi. Alipoona haitoshi, alisaga magome ya mti, akayachanganya na maji na vumbi la mbegu za okidi, akajipaka, akafunga kwa bandeji. Alijua vizuri kwamba mbegu hizo huhitaji miaka. Alijua pia kwamba mdogo wake hakupaka chochote.

Baada ya siku tano alipata upele. Daktari aliufungua, akauangalia, akamwandikia dawa ya kupaka.

"Ulikuwa unatafuta nini?" aliuliza.

"Okidi."

"Wengine huotewa, wengine hawaotewi," daktari alisema akinawa mikono. "Paka mara mbili kwa siku. Na usijikune."

Jumapili dada hao wawili walikwenda kumwona mama yao kama kawaida. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele kwenye sinia, na Mchoraji alikuwa ameketi miguuni pake, bega limeelekezwa dirishani. Profesa aliingia na mfuko wa machungwa.

"Mkubwa, sogea kidogo," mama alisema. "Unamzibia mwenzio mwanga."

"Mama, hata kukaa sijakaa."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba linataka mwanga. Hebu kaa pale, karibu na redio."

Profesa alikaa karibu na redio. Mama aliacha mchele, akalipangusa vumbi lile jani lenye pengo kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama alivyokuwa akiwapangusa watoto pua.

"Usilalie upande huu," alimwambia Mchoraji. Kisha akamgeukia mkubwa. "Na wewe bega lako limefanya nini? Naona bandeji."

"Upele tu."

"Pole. Wewe tangu utotoni ngozi yako ilikuwa inakataa vitu. Unakumbuka mwenzio alipopata surua? Ulilala kitandani wiki nzima ukidai na wewe unayo. Nikakutafuta vipele kwa taa, hamna hata kimoja."

Mchoraji alicheka, na kicheko hakikuwa na ubaya ndani yake. Profesa naye alijikaza akacheka. Lakini maneno yale yalimkata maini, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijibishana na mama yake kimoyomoyo, na hata humo alishindwa.

Siku ya kumi na saba tumba lilivimba, na kwenye mshono wake ukaonekana uzi wa rangi. Profesa aliuangalia kwa kioo cha kukuzia. Haukuwa wa manjano. Alirudi ofisini, akakaa kati ya madirisha yake mawili, akawaza. Ua likifunguka mbele ya kamati, kitabu chake kitasema manjano na bega litasema zambarau, na mtoto wa shule angeweza kujumlisha hapo. Mtu anayedai kulikusanya ua kwa mikono yake hawezi kukosea rangi yake. Aliyelikosea ni yule ambaye hakuwapo.

Saa saba na nusu, wakati wa chakula, alichukua mkasi mdogo wa sampuli akaenda kwenye chumba cha michoro. Mchoraji alikuwa amelaza kichwa juu ya meza, upande wa kulia, macho yamefumbwa. Profesa alisimama nyuma yake. Aliweka kikonyo katikati ya makali ya mkasi, akasikia pumzi ya mdogo wake inavyokwenda, na jinsi tumba linavyopanda na kushuka nayo.

"Dada," Mchoraji alisema bila kufumbua macho, "ukilikata leo, litatoka jingine Jumatano ijayo. Nimeshajaribu mwenyewe, wiki ya kwanza, lilipokuwa linawasha."

"Nilikuwa nalipima."

"Sawa."

Profesa aliurudisha mkasi mfukoni. "Umekula?" aliuliza.

"Bado. Niletee chochote."

Akamletea mkate na yai, na yeye mwenyewe hakula kitu.

Kamati ilifika siku ya kumi na tisa, watu watatu: Mwenyekiti mrefu mwenye miwani ya kamba, Mjumbe aliyekuwa na kikohozi, na Katibu aliyekuwa anaandika hata kabla watu hawajasema. Walikaribishwa chai, wakasaini kitabu cha wageni, wakamwomba Mchoraji asimame dirishani. Saa nne na robo, mbele ya macho yao, tumba lilifunguka. Halikufanya haraka. Petali moja iliachia, kisha mbili pamoja, na mwisho ule mdomo wa chini ukashuka. Chumba kilijaa harufu ambayo Profesa aliijua kwa mbali kutoka kabati namba kumi na nne, ila kule ilikuwa na vumbi.

"Kitabu kinasema manjano," alisema Mwenyekiti.

"Ndiyo," alisema Profesa.

"Hii ni zambarau."

"Ndiyo."

Mjumbe alisogea karibu, akageuka pembeni kukohoa, akarudi, akathibitisha kwamba ni zambarau. Katibu akaandika.

Hapo Mzee Makabati, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya maji, alitoka bila kuaga. Walisikia mlango wa kabati la sitini ukilia. Alirudi na karatasi ndani ya plastiki, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Hii ilipotea njia ikaangukia kapuni," alisema. "Ina tarehe, kwa hiyo niliihifadhi."

Mchoraji aliitazama kazi yake ya miaka ishirini na miwili iliyopita. Alikuwa akidhani iliharibika na mvua safarini, maana ndivyo alivyoambiwa. Alimtazama dada yake mara moja, kisha akayatazama madoa yake saba, akayahesabu kwa kidole.

Mwenyekiti alilinganisha mchoro na bega. Madoa saba, madoa saba. Koo jeupe, koo jeupe. Akasoma tarehe na sahihi iliyo chini.

"Profesa, tarehe hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na homa."

"Pole sana."

"Nimeshapona."

"Kwa hiyo aliyeliona ua ni huyu."

"Ndiye," alisema Profesa.

Neno lilitoka jepesi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiamini kwamba siku likitoka jengo litaporomoka, na sasa limetoka, na Katibu anauliza kama kuna chai zaidi.

"Ni vizuri kufahamu," Mwenyekiti alisema, akafunua ukurasa wa pili wa ajenda. "Sasa, kuhusu jina. Jina lililotangulia kuchapishwa ndilo jina. Tunayo okidi iitwayo nyeupe ambayo ni nyekundu, na tunayo iitwayo ya pwani ambayo huota milimani tu. Haijamdhuru mtu. Hii itaendelea kuitwa ya manjano, na jina la Profesa litabaki nyuma yake. Tunaongeza maneno mawili: huonekana zambarau."

"Huonekana zambarau," Katibu alirudia akiandika.

"Imebaki lebo."

Mchoraji aliinua kichwa. "Mkusanyaji ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa dirisha.

Mwenyekiti alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na alitaka kulieleza vizuri. "Wewe utakuwa kwenye mstari wa nne, pale panapoandikwa mmea umeota juu ya nini. Mtu mmoja hawezi kuwa kwenye mistari miwili. Na kwa kawaida mti haujikusanyi wenyewe."

"Mimi si mti."

"Si mti, na tutaandika hivyo. Lakini utaratibu ni uleule. Mkusanyaji ni yule aliyeshika daftari wakati wa kukata." Alitazama huku na huku. "Nani ana daftari?"

Daftari lilikuwa mkononi mwa Profesa. Lilikuwa lilelile la jalada gumu, maana kurasa hazijawahi kwisha.

"Basi ni rahisi," alisema Mwenyekiti. "Profesa akimpa mdogo wake daftari alishike sasa hivi, kabla hatujakata, mkusanyaji ni yeye, na huo mstari wa nne tutautafutia maneno. Asipompa, ni Profesa. Kwetu sisi ni sawa tu."

Mchoraji alinyoosha mkono wake wa kulia. Hakuomba kwa mdomo. Alikuwa amekwisha kuomba.

Profesa aliutazama mkono ule. Ulikuwa na doa la rangi ya bluu kwenye kidole gumba. Akalitazama na ua, ambalo lilikuwa limegeuza uso wake wote likaelekea shavu la mdogo wake, na nje ya dirisha akaziona okidi zake mia tatu, shingo upande, zinamtazama mtu huyohuyo. Akamkumbuka mama na ncha ya kanga. Huyu kapewa kila kitu, aliwaza. Kapewa mkono wa kuchora, kapewa mama, kapewa kuliona juu ya mti, na sasa limemfuata mpaka mwilini. Mimi nimepewa daftari. Na hata hili analitaka.

Ilikuwa hesabu ya uongo, na alijua ni ya uongo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima vitu. Alilibana daftari kwapani, akatoa mkasi.

"Tuendelee," alisema.

Mkono wa Mchoraji ulibaki hewani kwa muda mfupi, kisha akaushusha, akaufutia kwenye gauni. "Usikate karibu na jani," alisema. "Panauma."

Profesa alikata mbali na jani. Walilibana ua kati ya magazeti, na Katibu akasoma lebo kwa sauti ili ipite bila pingamizi:

*Jina: ya manjano (huonekana zambarau). Mkusanyaji: Profesa. Mahali: chumba cha michoro, dirisha la mashariki. Umeota juu ya: binadamu, mwanamke, bega la kushoto.*

Mjumbe aliuliza kama inafaa kuandika urefu wa bega kutoka sakafuni, kama inavyofanywa kwa matawi. Wakapima. Ilikuwa mita moja na sentimita thelathini na nane. Mkurugenzi aliwashukuru wote kwa ushirikiano, hasa Mchoraji kwa kusimama muda mrefu.

Mchoro wa rangi ulirudishwa kwenye kabati la sitini, kwa sababu Kitabu Kikuu kilikuwa tayari na mchoro wa wino. Mzee Makabati aliufunga kabatini, akatia ufunguo mfukoni, na wiki nzima hakumwitikia Profesa salamu. Wiki iliyofuata akamwitikia, maana walikuwa wanafanya kazi chumba kimoja.

Jumatano lilitoka tumba jingine. Mchoraji aliendelea kuja kazini na magauni yake ya bega moja, akachora alichopewa kuchora, akanyunyiziwa maji saa tatu na saa tisa. Alimwita dada yake Profesa, hata nyumbani kwa mama, hata wanapomenya machungwa, na mama alipouliza kulikoni akajibu kwamba ndilo jina lake.

Kabati namba kumi na nne sasa lilikuwa na karatasi mbili kwenye jalada jekundu. Ua la pili lilikuwa limeanza kugeuka manjano. Profesa hakuzitoa tena Jumatatu. Asubuhi alipita kwanza chooni, akafunga mlango kwa komeo, akashusha blauzi upande wa kushoto mbele ya kioo, akatafuta kwa vidole, akavaa, akaenda kufundisha.

Muhula mpya ulikuwa umeanza, na somo la kwanza lilikuwa lilelile la kila mwaka. Aliwaambia wanafunzi kwamba watu wengi hukosea wakidhani okidi ni kimelea. Haiunyonyi mti. Haiingizi mizizi yake ndani ya mti, haichukui maji yake wala chakula chake. Inauegemea tu ili ifikie mwanga. Aliyasema hayo kwa moyo wote, kwa kuwa ni kosa lililomuudhi maisha yake yote, na wanafunzi wakaandika.

Msichana mmoja wa safu ya tatu aliinua mkono. "Na mti, Profesa? Wenyewe unapata nini?"

Profesa aliufikiria mti. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe ukakuna bega lake la kushoto, mahali ambapo upele ulikuwa umepona na hapakuwa na kitu.

"Mti haupati kitu," alisema, akageuka kufuta ubao.